Mti wa Bunduki: Safari ya Nakuru na Misitu ya Mau

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru kwa barabara huenda kama maili 100. Kwanza hupanda taratibu hadi Limuru, penye mashamba ya chai na ukungu wa asubuhi. Kisha ardhi hukatika mbele yake kana kwamba imepasuliwa kwa shoka, na Bonde la Ufa huonekana lote chini: mlima Longonot na shimo lake la moto wa zamani, ziwa la Naivasha, na tambarare ya manjano ielekeayo kaskazini. Abiria wengi hutazama uzuri huo, wakala mahindi yao ya kuchoma, wakalala usingizi hadi stesheni ya Nakuru. Lakini katika njia hii iko habari moja isiyoonekana kwa dirisha la gari, nayo ni habari ya chuma na mti, na mahali ambapo viwili hivi hukutana.

Yafaa msomaji aelewe kwanza maana ya mti wa bunduki. Bunduki ina mtutu wa chuma upitishao risasi, na mtambo wa chuma uifyatuao. Vyote viwili haviwezi kushikwa wala kulengwa bila ubao uvibebao. Sehemu ya ubao huo ikaayo begani huitwa kitako, na pale palipo pembamba, mkono unaposhika nyuma ya mtambo, huitwa shingo. Watu husifu chuma, lakini chuma kisipokaa sawasawa katika mti wake, bunduki nzuri kuliko zote humdhuru mwenyewe kabla ya kumdhuru adui.

Jambo hili lilijulikana sana Naivasha. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau waliingia katika kituo cha polisi cha mji huo, wakawafungulia wafungwa 173, wakaondoka na bunduki nyingi. Walijitia katika hatari hiyo kwa kuwa bunduki za kiwandani zilikuwa haba msituni. Katika misitu ya Nyandarua, upande wa mashariki wa Naivasha, mafundi walikuwa wakijitengenezea bunduki kwa mabomba ya maji, na mti wake wakauchonga kwa mkono. Baadhi ya bunduki hizo zimewekwa katika nyumba za makumbusho. Chuma chake ni bomba tu, lakini mti umepewa umbo la kitako cha bunduki ya askari, maana aliyeuchonga alijua kwamba shavu na bega havidanganyiki. Nyingine zilipasuka mikononi mwa wenyewe. Na katika siku zile za Hali ya Hatari, mtu aliyekutwa na silaha bila ruhusa aliweza kuhukumiwa kunyongwa. Basi mti wa bunduki haukuwa jambo la mchezo katika bonde hili.

Ukipita Gilgil utaona kibao cha Kariandusi, mahali ambapo Dakta Louis Leakey na wenzake walichimba tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, wakapata mashoka ya mawe ya watu wa kale sana, mengine ya jiwe jeusi ling'aalo kama chupa. Karibu kabisa na mji wa Nakuru kiko kilima cha Hyrax Hill, ambako Bibi Mary Leakey alianza kuchimba mwaka 1937. Huko zilipatikana ndimi ndogo za jiwe hilo hilo jeusi. Ulimi mdogo namna hiyo haufai kushikwa kwa vidole vitupu. Hupachikwa katika mpini na kugandishwa kwa ulimbo. Mwaka 1938, katika pango la mto Njoro, walichimbua pia chombo cha mti kilichonakshiwa, ambacho moto ulikigeuza kuwa mkaa na kwa sababu hiyo hakikuoza. Umri wake ni kama miaka 3,000. Kwa hiyo kazi ya kuchonga mti na kuupatanisha na kitu kigumu haikuletwa na reli katika nchi hii. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Mchonga mti alikuwa amekwisha kupita zamani.

Nakuru wenyewe umekaa kati ya mlima Menengai na ziwa, kwa urefu wa futi 6,000 hivi juu ya bahari. Kwa miaka mingi ulikuwa mji wa wakulima, wenye maghala ya nafaka, mnada wa ng'ombe, na mafundi wa kila namna. Wengi wa mafundi wa kwanza wa mbao na chuma walikuwa Makalasinga, ambao wazee wao walitoka Punjab wakati wa kujenga reli. Vijana wa Kiafrika walishika randa na patasi chini yao, wakajifunza, na baadaye wakawa mafundi wenyewe. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ulipewa hadhi ya jiji, lakini mlio wa msumeno haujaondoka katika vichochoro vyake.

Kutoka Nakuru, barabara ya magharibi hupanda kwenda Njoro, halafu Elburgon, halafu Molo. Ni safari fupi, lakini msafiri hubadilisha nchi. Nakuru jua ni kali na vumbi huruka. Elburgon, juu zaidi kwa futi 2,000 karibu, mvua haina likizo na nguo hazikauki kambani. Hapo ndipo msitu wa Mau unapoanza, na hapo ndipo mbao zilipopasuliwa kwa miaka mingi na kupakiwa katika magari ya moshi. Msitu huo una mwerezi, ambao ni mwepesi na hauliwi na mchwa, ila hupasuka upesi. Kwa hiyo wafaa nguzo za ua na mizinga ya nyuki ya Waokiek, lakini haufai kitako. Una podo, mti laini ufaao dari na meza. Una mutamaiyu, ndugu wa mzeituni, mgumu na mzito mno hata kitako chake kingemchosha mbebaji. Na una muiri, wenye majani yanukayo kama lozi chungu yakifikichwa, gome lake ni dawa, na kiini chake ni chekundu na chenye nguvu. Muiri ndio uhusuo habari hii.

Katika mwaka 1973 mzee mmoja, mkulima wa upande wa Elburgon, alishuka kwa basi hadi Nakuru akiwa na cheti chake cha silaha mfukoni, na bunduki ya marisau ya mitutu miwili ndani ya gunia. Alikwenda kwa fundi aliyefanya kazi katika duka la silaha lililoandikishwa na Serikali. Chini ya kwapa alibeba pia gogo la ubao mbichi.

"Hujambo, fundi," akasema.

"Sijambo, mzee wangu. Karibu, kaa kitini. Hiyo bunduki ni tupu?"

"Ni tupu."

"Uniwie radhi, mzee, nitatazama mwenyewe." Fundi akaikunja, akachungulia katika mitutu yote miwili, akatia kidole, kisha akachungulia tena. Ndipo alipoilaza juu ya meza. Shingo ya kitako ilikuwa imezungushiwa waya wa ua, na juu ya waya ngozi ya ng'ombe iliyofungwa ikiwa mbichi na kukaukia hapo hapo.

"Nani alifunga hivi?"

"Ni mimi. Ilianguka kutoka juu ya gari la ng'ombe, ikafanya ufa. Nikaona waya utatosha."

"Na ukaipiga baadaye?"

Mzee akakaa kimya kidogo. "Nyani waliingia katika mahindi. Nilipofyatua, shingo ilifunguka ikanibana kidole, na mtutu ukaenda kando. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mkono wa kushoto. Marisau yalipita karibu naye yakaingia katika ua. Hakuumia. Lakini tangu siku hiyo silali vizuri, kijana wangu."

Fundi hakumkaripia. Alikata waya, akafungua skurubu moja moja kwa bisibisi iliyoenea sawasawa katika mfuo wake, akatoa kitako cha zamani na kukionyesha penye mwanga. Ndani, pale chuma kilipogusana na ubao, upande mmoja ulikuwa mweusi na kung'aa, na upande wa pili ulikuwa mkavu kama siku ulipochongwa. "Tazama, mzee," akasema. "Kuanguka kumemaliza tu. Bunduki hii ilikuwa mgonjwa zamani. Kila ulipopiga, teke lote liliangukia upande huu mmoja. Gari la ng'ombe limesingiziwa."

Ndipo mzee alipotoa ubao wake. Ulikuwa wa muiri, kutoka mti ulioangushwa na upepo shambani kwake, mti ambao baba yake aliuacha wakati wa kufyeka. Alitaka kitako kipya kitokane na huo, na alitaka kukichukua kabla ya mahindi kukomaa. Fundi aliugonga kwa kifundo cha kidole, akausikiliza, akautia katika mizani. Ulikuwa ratli 16. Akaandika uzito na tarehe juu ya ubao kwa penseli.

"Ubao ni mzuri, mzee, lakini bado unakunywa maji ya Elburgon. Nikiuchonga leo, utakauka hapa Nakuru ukiwa umeshika chuma, utajikunja, na ufa utarudi pale pale. Una unene wa inchi mbili na nusu. Kila inchi yataka mwaka wake."

"Miaka miwili na nusu! Na nyani je?"

"Ninao ubao wa mninga uliotoka Tanzania, mkavu, tayari. Nitaumaliza mwezi huu. Lakini wa babako utangoja. Uchague wewe."

Hapa ndipo palipokuwa na uzito wa shauri. Mahindi ya mwaka mzima yalikuwa shambani, na mwenye shamba asiye na bunduki aliona kama yuko uchi. Lakini mzee alikuwa amekwisha kuonja matunda ya haraka. Waya ule ulikuwa haraka, na ngozi ile ilikuwa haraka. Akasema ubao wa muiri ungoje, na bunduki ikae katika sanduku la chuma la duka chini ya kufuli, iandikwe katika daftari kama sheria itakavyo. Akarudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka huo na miaka iliyofuata mahindi yalilindwa kwa mbwa, debe, na vijana wa kukesha. Nyani wakapata sehemu yao, na watu wakapata yao.

Fundi alipaka nta ya nyuki katika ncha zote mbili za ubao, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi nchani kuliko ubavuni, na ncha ikikauka kabla ya tumbo, ubao hupasuka. Akauweka juu darini, mbali na bati lenye joto na mbali na sakafu yenye unyevu. Kila miezi michache aliushusha, akaupima, akaandika. Ratli 16 zikawa 14, zikawa 12 na nusu, zikawa 11. Mizani ilipokoma kushuka mara tatu mfululizo, fundi alijua kwamba ubao umepatana na hewa ya Nakuru. Huo ulikuwa mwaka 1976.

Ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Alichora kitako kwa kuangalia mwendo wa nyuzi za mti, akahakikisha zinapita moja kwa moja katika shingo toka mwanzo hadi mwisho. Maana nyuzi zikikata shingo kwa mshazari, hiyo ni njia ya ufa iliyokwisha kuchorwa. Nyuzi zenye mapambo aliziacha ziwe nyuma, kwenye kitako kipana, ambako urembo hauna madhara. Akamwita mzee, akampima kama fundi cherehani ampimavyo mteja: toka kidole cha kufyatulia hadi bega, inchi 14 na robo; na jinsi shavu lake linavyolala ili jicho liangalie katikati ya mitutu bila kukunja shingo.

Halafu alikata kwa msumeno, akaacha ubao zaidi kila upande, kwa kuwa ubao ulioondolewa haurudi. Kazi ya kupachika chuma haifanywi kwa kukisia. Fundi alichanganya masizi ya taa na mafuta kidogo, akapaka chuma utando mwembamba, akakibonyeza katika ubao, akakigonga pole kwa nyundo ya mti, akakitoa. Palipobaki weusi ndipo palipogusa. Akapakwangua kwa patasi kiasi cha unene wa karatasi, akapaka tena, akabonyeza tena. Siku ya kwanza palikuwa na madoa matatu tu meusi. Siku ya nne yalikuwa kama vipele vya surua. Siku ya tisa uso wote wa ubao ulikuwa mweusi sawasawa, mkono wa kulia kama wa kushoto, na chuma kiliingia kwa mlio mmoja mdogo kama mlango mzuri unaofungwa. Hapo teke la bunduki lingegawanywa katika uso mzima wa mti, wala lisingekaa mahali pamoja. Lakini nyuma ya ulimi wa chuma uingiao juu ya shingo aliacha nafasi ndogo sana, ili ulimi huo usiwe kabari ya kupasulia.

Umbo la nje lilifuata kwa tupa, kwa kipande cha kioo cha kukwangulia, na kwa msasa. Ubao ulipokuwa laini kama shavu la mtoto, mwanafunzi wa fundi alidhani kazi imekwisha. Fundi alichukua kitambaa chenye maji akaulowesha wote. Nyuzi zikasimama kama nywele za paka mwenye hofu. Zilipokauka alizipiga msasa, akalowesha tena, mara nne, hata maji yalipokosa cha kusimamisha. Baada ya hapo alisugua mafuta ya kitani yaliyochemshwa, matone machache tu kwa kiganja kitupu, mpaka mti ukapata joto la mkono. Akangoja siku, akasugua tena. Mafuta mengi kwa mara moja hugeuka utomvu unatao. Mafuta machache kwa siku nyingi huwa ngozi. Akapaka pia ndani, pasipoonekana na mtu, na katika ncha iliyo chini ya bamba la kitako, ili unyevu wa Elburgon usipate mlango. Kila jioni vitambaa vya mafuta alivitia katika debe la maji, kwa sababu vitambaa vya mafuta ya kitani vikikunjwa pamoja hupata joto vyenyewe na vyaweza kuwasha moto usiku watu wakiwa wamelala. Mwisho alipaka nta, akang'arisha kwa sufu. Mti ukatoa rangi nyekundu ya udongo wa Mau baada ya mvua.

Mzee alikuja kuichukua akiwa na mjukuu wake, ambaye sasa alimfikia begani. Bunduki ilijaribiwa mahali pa kulengea shabaha palipo halali, mara sita mtutu wa kulia na mara sita wa kushoto. Fundi akaifungua tena yote mbele yao, akatazama shingo kwa kioo cha kukuzia. Hakuna uzi uliokuwa umesogea. Mzee alipitisha kidole gumba pale ufa wa zamani ulipokuwa, asipate kitu.

"Kijana wangu," akamwambia fundi, "nilidhani nangoja ubao ukauke. Kumbe na mimi nilikuwa nakauka."

Kisha akamgeukia mjukuu. "Simama nyuma yangu. Bunduki ikiwa mikononi mwa mtu, mahali pako ni nyuma yake siku zote, hata ikiwa nzima kama hii."

Mwezi Mei 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na kazi nyingi za bunduki za marisau zikapungua Nakuru na kwingineko. Muiri nao umekuwa mti wa kutunzwa. Gome lake lilitakwa sana Ulaya kwa dawa, miti mingi ikachunwa hata ikafa, na tangu mwaka 1995 biashara yake baina ya mataifa imewekwa chini ya mapatano maalumu. Mwaka 2018 Serikali ilizuia ukataji wa miti katika misitu yake, kwa kuwa Mau ndiyo mama wa mito mingi, na mto Njoro unaoshuka kwenye ziwa Nakuru ni mmoja wao. Sheria ya silaha, Sura ya 114, bado hairuhusu mtu kuwa na bunduki bila cheti, wala fundi kufanya biashara ya kuitengeneza asipoandikishwa. Seremala wa kichochoroni, hata akiwa hodari namna gani, asikubali kuipokea. Na mwenye bunduki asimtie katika jaribu hilo.

Msafiri apitaye leo kutoka Naivasha hadi Molo ataona malori ya mbao, vyumba vya maseremala kando ya njia, na wauza mipini ya majembe na mashoka wakiwa wameipanga kama askari. Akitaka kujua kazi njema, asitazame rangi. Aushike mpini, afuate nyuzi kwa kidole, atazame pale chuma kinapoingia. Wazee walisema kwamba mchonga mwiko hukimbiza mkonowe, yaani huuepusha na moto. Yule mzee wa Elburgon alingoja miaka mitatu, nyani wakala mahindi yake, na mjukuu wake akakua.